Dawa Mbili kwa Mwaridi Mmoja

Katika nyumba ile paka ndiye aliyekuwa na kazi nyingi kuliko wote. Alikuwa tarishi. Fundi, akiwa amekaa kwenye cherehani yake barazani, aliinua sauti akasema, "Paka, mwambie mwenye beseni aliondoe njiani, wateja wangu wanajikwaa." Kutoka upande wa pili wa ua Karani akajibu huku anachambua mchele, "Paka, mwambie mwenye wateja kwamba beseni liko hapo tangu jana, na wateja wake wana macho." Paka alimtazama huyu, akamtazama yule, akajilaza juani. Ujumbe ulikuwa umeshafika.

Fundi alikuwa binti wa kwanza wa Mama, mwenye nyumba. Ndoa yake ilipovunjika alirudi na cherehani yake na mdomo wake, na vyote viwili havikujua kupumzika. Karani alikuwa mke wa mdogo wake Fundi. Alifanya kazi ofisi ya maji, akiandikisha malalamiko ya watu wenye mabomba makavu, na mtu anayesikiliza malalamiko kutwa nzima hana hamu ya kusikia mengine jioni. Mumewe, ambaye kila mtu alimwita Dereva, aliendesha malori ya masafa marefu. Alikuwa akirudi kwa nadra kiasi kwamba paka alimnusa upya kila safari. Vyumba vya Fundi vilikuwa kulia, vya Karani na mumewe kushoto, ua katikati, na mwisho wa ua palikuwa na chumba cha Mama, chenye dirisha dogo lililotazama mwaridi.

Mawifi hawa hawakuzaliwa maadui. Kuna wakati walisukana nywele, wakaazimana viatu, wakamcheka Dereva pamoja mpaka akakimbilia kwenye lori lake. Ugomvi ulianzia kwenye macho ya Mama.

Mama alikuwa na presha ya macho, ule ugonjwa unaoiba kuona polepole, bila maumivu. Kliniki walimpa dawa ya matone, asubuhi na jioni, bila kukosa. Karani aliondoka mapema kwenda kazini, kwa hiyo asubuhi ikawa ya Fundi. Jioni Fundi alikuwa na wateja waliokuja kupima nguo, kwa hiyo jioni ikawa ya Karani. Mpango mzuri kabisa. Miezi ikapita, na siku moja daktari akamwangalia Mama kwa kile chombo chake cha taa, akakunja uso, akauliza kama dawa inatumika kweli, maana macho yalikuwa kama ya mtu asiyetiliwa chochote. Fundi akamgeukia Karani. Karani akamgeukia Fundi. Mama akainamisha kichwa.

Kila mmoja alijua siku alizosahau yeye, na akaziona chache. Hizo nyingi, basi, lazima ziwe za mwenzake. Hakuna aliyelitamka jambo hilo waziwazi. Walirudi nyumbani kwenye kiti kimoja cha nyuma cha gari, Mama katikati, na tangu siku ile wakaacha kusemeshana. Mama alibaki na mwanga na kivuli tu, na daktari akasema matone hayatarudisha kilichokwenda.

Baada ya hapo Mama alijifungia chumbani. Alikula kidogo, alijibu kidogo, na mlango wake ulifunguliwa kwa kuombwa. Fundi alijaribu redio. Karani alijaribu supu. Dereva alijaribu mzaha kwa simu, na mzaha wake haujawahi kumsaidia mtu. Hakuna kilichofaa.

Kisha mwaridi ukachanua. Ulikuwa mti wa zamani uliopandwa na Mama mwenyewe alipohamia pale, mrefu kupita kiuno, wenye maua mekundu mazito. Mwaka ule ulitoa maua kwa fujo, na harufu ikaingia dirishani bila kubisha hodi. Asubuhi moja Fundi alisikia komeo la Mama likifunguka. Mama alitoka, mkono ukutani, akaenda mpaka kwenye mwaridi, akashika ua, akalinusa kwa muda mrefu, akaomba kigoda. Kuanzia hapo alitoka kila siku. Alihesabu machipukizi kwa vidole, akiikwepa miiba kwa ustadi ambao wenye macho hawana. "Huu bado nauona," alisema.

Kwa hiyo mawifi wote wawili, kila mmoja kivyake, walifika mahali pamoja: mti ule ukifa, Mama atarudi ndani, na safari hii hatatoka.

Madoa yalionekana msimu wa mvua ulipoanza kuchanganya. Yalianza kwenye majani ya chini, meusi, ya mviringo, kingo zake zikiwa na nyuzinyuzi kama wino uliomwagikia karatasi ya choo. Jani lenye doa likageuka manjano kulizunguka doa, kisha likadondoka. Jani lililo juu yake likafuata. Baada ya muda shina likabaki uchi mpaka magotini, na uchi ule ukawa unapanda kuelekea kiunoni.

"Mwaridi wangu unaendeleaje?" aliuliza Mama.

"Vizuri, Mama," alisema Fundi.

"Umenawiri, Mama," alisema Karani jioni yake.

Fundi alijua kosa ni la nani. Karani ndiye aliyerudi kazini jioni na kuumwagia mti maji ya mpira kuanzia kileleni, shwaa, kama anaosha gari, akauacha ulale na majani maji. Karani naye alijua kosa ni la nani. Fundi ndiye aliyefagia ua kila asubuhi na kuyasukuma majani yote yaliyodondoka mpaka chini ya mwaridi, akisema ni mbolea. Wote wawili walikuwa sahihi, na ndiyo maana hakuna aliyejiona na kosa. Wangeweza kuambiana. Paka alikuwepo, hata kama wao wenyewe hawakutaka kusemeshana. Lakini jambo la Mama hawakulipitisha kwa paka. Lilikuwa zito mno, na kila mmoja alitaka kulibeba peke yake ili ijulikane baadaye ni nani aliyejali.

Fundi alikwenda kwa Bibi Miche, mama mmoja mwenye kitalu cha maua kona ya barabara, mwenye mdomo usiofungwa hata kwa mvua. Hakumwambia mengi, maana kwa Bibi Miche kitu kikiingia sikioni hutokea mtaa wa pili. Alitaka tu dawa ya ukungu wa majani. Akapewa unga wa salfa, wa manjano, wa kukoroga kwenye maji na kupuliza. Kuanzia hapo, kila Karani alipokwishaondoka asubuhi, Fundi alichukua bomba dogo la kupulizia ambalo zamani lilikuwa la kulowesha nguo za kupiga pasi, akayalowanisha majani juu na chini. Ua ukanuka kama kiberiti kilichozimwa sasa hivi.

Karani alisikia habari ya mafuta ya mwarobaini kutoka kwa mwenzake wa ofisini, ambaye aliyatumia kwa maua yake ya dirishani na kwa mba, na akayasifia kote. Akayanunua, akayachanganya na maji na sabuni kidogo, akayatia kwenye chupa ya kupulizia aliyoificha chini ya sinki. Jioni, Fundi akiwa ndani na wateja, tepe shingoni na pini mdomoni, Karani alitoka kimya na kupuliza. Ua ukanuka uchungu, kama kitunguu saumu kilichosahauliwa kabatini.

Mtu atauliza, je, hawakusikia harufu ya dawa ya mwenzake? Fundi alikuwa na mafua ya pamba mwaka mzima, ugonjwa wa kazi yake. Karani aliporudi, jua lilikuwa limeshaichosha salfa ya asubuhi, na kama kuna kilichobaki alidhani ni jiko la mtu. Anayemnunia mwenzake huinunia na nyumba yote: huacha kunusa, huacha kuangalia.

Aliyenusa ni Mama. Alikaa kwenye kigoda chake asubuhi, akanusa salfa, akatulia. Akakaa jioni, akanusa mwarobaini, akatabasamu peke yake. Akaanza kula. Akaomba achaniwe nywele. Siku moja alisikika akiimba kwa sauti ya chini, wimbo usio na maneno, na Fundi akaacha kushona ili asikilize. Machozi yalimtoka Fundi hapohapo kwenye cherehani. Dawa yangu hiyo, alijiambia. Upande wa pili, Karani alimwona mama mkwe wake amemaliza sahani, akajiambia vilevile.

Mti peke yake ndio haukufurahi. Mvua zilikatika, jua likaja kali, na majani yaliyokuwa yamesalia yakaanza kuungua kingo. Si madoa tena. Yalikuwa makovu ya kahawia, makavu, kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi. Machipukizi mapya yakajikunja kabla ya kufunguka. Fundi alipoona hivyo aliongeza salfa. Karani alipoona hivyo aliongeza mafuta. Na kila mmoja alipoulizwa na Mama, alisema mti unaendelea vizuri.

Dereva akarudi safari. Aliingia uani na begi begani, akamwamkia Mama, "Shikamoo, Mama," akaitikiwa marahaba ya uchangamfu ambayo hakuwa ameisikia siku nyingi. Akageuka kuutazama mwaridi, begi likamshuka begani lenyewe.

"Huu mti nani kauchoma?"

Fundi akainamia cherehani, Karani akaingia jikoni. Paka naye alikuwa hayupo.

Dereva hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alijua gari likitoa moshi huitwa fundi. Akaenda mwenyewe kumleta Bibi Miche. Bibi Miche alikuja kesho yake, siku ambayo ofisi ya maji imefungwa, wote wakiwa nyumbani. Alikuja na miwani yake iliyofungwa kamba, akichechemea na kusalimia kila kitu kilichosimama.

"Shoga yangu, hujambo!" alimwambia Mama. "Nimeitwa kumwona mgonjwa wako."

"Mgonjwa?" alisema Mama. "Mgonjwa gani? Wanangu wananiambia ni mzima."

Bibi Miche alifungua mdomo, akamwangalia Dereva, akaufunga. Kwake hilo lilikuwa tendo la kishujaa. Akainama kwenye mti. Akageuza jani, akalisugua kwa kidole gumba, akalinusa. Akachukua jingine. Akaokota yale yaliyolala chini ya shina, akayapekua, akaguna.

"Haya madoa meusi ni ukungu," alisema. "Kuvu. Yanakaa kwenye majani haya yaliyooza hapa chini, maji yakirukaruka yanapanda juu. Majani yakilala na maji usiku, sherehe. Lakini si ukungu uliomaliza mti huu. Mti huu umeunguzwa." Akainua jani mpaka puani tena. "Kuna salfa hapa. Salfa nimeiuza mimi, naijua. Na kuna mafuta. Nani amepuliza mafuta juu ya salfa?"

Fundi aliangalia mikono yake. Karani aliangalia miguu yake.

"Kila dawa ni nzuri peke yake," aliendelea Bibi Miche, ambaye akishaanza hana breki. "Ukipuliza salfa, unakaa majuma kadhaa ndipo uguse mafuta. Ukivichanganya, na jua hili, ni kama umeupikia mti mafuta ya moto. Mtu wa kwanza hakumwambia wa pili? Mnakaa nyumba moja ninyi!"

Hapo Mama akacheka. Alicheka kwa raha, kama mtu anayemwondolea mgeni wasiwasi.

"Shoga, usiwagombeze. Hao wanasaidiana. Asubuhi nasikia harufu ya kiberiti, najua ni huyu mkubwa. Jioni nasikia ule uchungu, najua ni mkwe wangu. Wamegawana zamu, kama zamani. Hawakutaka kuniambia tu kwamba wamepatana, wanaona haya. Mimi nilijua tangu siku ya kwanza." Akanyoosha mikono yote miwili hewani, mmoja kulia, mmoja kushoto, akingoja ishikwe. "Si ndiyo?"

Mikono ilibaki hewani. Ungetarajia mmoja wao adanganye. Walikuwa wamedanganya kila siku kuhusu mti, na uongo mmoja zaidi usingewashinda. Lakini ili kusema ndiyo ilibidi waangaliane kwanza, na hilo hawakuliweza.

Mama alisikiliza ukimya ule mpaka akauelewa. Akashusha mikono. Akainuka, akaupapasa ukuta, akaingia chumbani. Komeo likalia.

"Mama, mti utapona!" Fundi alilia mlangoni. "Tutakata, tutautunza, utatoa maua mengine!"

"Hayo maua yaliacha kunukia siku nyingi," Mama alisema ndani. "Mimi nilikuwa natoka kuwanusa ninyi."

Bibi Miche alitoa maagizo yake kwa sauti ndogo isiyo yake. Dawa zote ziachwe. Majani yasafishwe mara moja kwa maji matupu, asubuhi, yapate kukauka na jua. Kila jani lililo chini liokotwe, lisibaki hata moja, lichomwe au litupwe na takataka, lisiitwe mbolea. Matawi yaliyoungua yakatwe, na katikati ya mti pafunguliwe hewa ipite. Mkasi uchovywe kwenye spiriti kila baada ya kukata, la sivyo ugonjwa unahamishwa kwa mkono wa mganga. Udongo ufunikwe kwa nyasi kavu ili maji yasirushe uchafu juu. Kumwagilia ni asubuhi, chini kwenye shina. Machipukizi yakija, dawa moja tu. "Ipi, mtaamua wenyewe," alisema, akawaangalia juu ya miwani, "mkiweza." Akaondoka bila kumuaga hata paka.

Dereva naye aliondoka alfajiri, lori halingoji. Kabla ya kutoka alimwambia mkewe na dada yake, mmoja mmoja, maneno yaleyale: fanyeni mfanyavyo, Mama atoke.

Chakula cha asubuhi kilirudi kama kilivyoingia. Cha mchana vilevile. Jioni Fundi alikaa barazani bila kushona.

"Paka," alisema hatimaye, "mwambie mtu kwamba Mama akitusikia tunaongea, atatoka."

"Paka," alisema Karani, "mwambie mtu kwamba naweza kuongea. Maneno ni maneno tu."

"Mwambie kesho, kabla hajaenda kazini. Tukate mti chini ya dirisha. Tuongee kwa sauti."

"Mwambie sawa."

Hivyo ndivyo walivyokula njama, kupitia kwa mnyama aliyekuwa anajilamba mguu.

Asubuhi walisimama chini ya dirisha na mkasi wa kukatia matawi, kopo la spiriti, gunia la majani. Fundi alikohoa.

"Habari za asubuhi, wifi yangu!"

"Nzuri sana, wifi! Umeamkaje?"

"Nimeamka salama kabisa! Wifi, naona tawi hili limeungua."

"Kweli wifi, limeungua! Naomba nikushikie."

"Asante sana, wifi yangu mpendwa!"

Ndani ya chumba kitanda kililia. Kisha ikaja sauti ya Mama, kavu. "Izimeni hiyo redio. Matangazo yamezidi."

Aibu iliwapanda wote wawili mpaka masikioni. Hawakuwa na la kusema tena, la kweli wala la kuigiza, na kwa kuwa gunia lilikuwa wazi na mti umesimama mbele yao, waliendelea na kazi. Fundi alishika matawi kwa kitambaa, Karani akakata. Kukata mwaridi mzee hakufanyiki na mtu mmoja. Miiba inataka mikono minne. Karani alikata tawi, akalitupa guniani, akapeleka mkasi kwenye tawi la pili.

"Hujachovya," alisema Fundi.

Ilikuwa sauti ya kawaida. Haikupitia kwa paka.

"Nini?"

"Mkasi. Umesahau kuchovya."

Karani alishusha mkasi polepole. "Nimesahau," alisema. "Mimi ndiye wa kusahau, siyo?"

"Sijasema hivyo."

"Umelisema tangu siku ile kwenye gari. Unalisema kila ukiniangalia. Nimesahau mimi, Mama akapofuka!"

"Basi nani? Mimi?" Fundi aliachia tawi, likamchapa mkononi, hakulijali. "Mimi niliyekuwa namwamsha kila asubuhi na chupa mkononi? Nilikosa siku chache, nakubali, Mungu ananiona, siku za harusi za watu nilipokuwa sijalala! Lakini wewe jioni ulikuwa unarudi umechoka unakwenda kulala!"

"Nani kakwambia?"

"Macho ya Mama yameniambia!"

"Mimi nilikuwa namuuliza! Kila jioni nilimuuliza, Mama, asubuhi ulitiliwa? Kwamba kama wewe umesahau, nimwambie daktari, au nifanye mpango niwe natia mimi kabla sijatoka. Kila jioni! Akasema, nimetiliwa, mwanangu, wifi yako hajanikosesha hata siku moja!"

"Hata siku moja? Si nimekwambia nilikosa?"

"Ndivyo alivyosema!"

"Mbona mimi asubuhi alikuwa ananiambia hivyohivyo! Namuuliza, jana wifi alikutilia? Ananiambia, alinitilia vizuri, ana mkono mwepesi kuliko wako."

"Kuna jioni nilikuta amelala," alisema Karani, na sauti yake ilikuwa imeanza kushuka. "Nikimwamsha ananiambia, kalale, umechoka, nimejitilia mwenyewe."

"Na mimi nikiwa na mteja mlangoni ananiambia hivyo. Nimejitilia mwenyewe, nenda kapime nguo."

Walitazamana. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu, na nyuso zao zilikuwa zimezeeka bila taarifa. Kisha wote wawili wakageukia dirisha.

Komeo lilifunguka. Mama alisimama mlangoni, khanga imefungwa ovyo, mkono kwenye fremu.

"Sikuweza kujitilia," alisema. "Mikono inatetemeka, matone yalikwenda shavuni. Nikaacha."

"Mama," alisema Fundi.

"Huyu akisahau namsitiri kwa yule. Yule akisahau namsitiri kwa huyu. Niliona mmechoka. Niliona nikisema, mtagombana kwa ajili yangu, na nyumba itaharibika."

"Nyumba iliharibika!" Fundi alipiga kelele, na sasa alikuwa analia waziwazi, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. "Ulikaa kwenye lile gari katikati yetu, ukajua, ukanyamaza! Umetuacha tumechukiana muda wote huu!"

"Niliwaacha."

"Kwa nini?"

Mama alilamba midomo. "Niliogopa kwamba mkijua, mtanichukia mimi."

Hakuna aliyemwambia kwamba hawamchukii. Haikuwa siku ya maneno hayo, na Karani, kusema kweli, wakati ule alimchukia, kwa kadiri mtu anavyoweza kumchukia mama mkwe aliyemlea kama mwanawe. Alisimama na mkasi mkononi. Ofisini walikuwa wameshaanza kumwona amechelewa. Hakwenda.

Mama akauliza, "Mwaridi umebaki na majani mangapi?"

Fundi alijifuta uso kwa mgongo wa mkono wenye damu ya mwiba. Mdomo wake ulijiandaa kusema vizuri, Mama, kwa mazoea. Akaufunga.

"Hauna majani," alisema Karani. "Umebaki fito tupu. Tumeuunguza."

"Shina la chini bado lina kijani ukilikwaruza," alisema Fundi. "Basi. Hatujui kama utapona."

Mama aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayepokea mzigo na kupima uzito wake. Akauliza kigoda kiko wapi. Karani akakileta, akamshika mkono kwa namna isiyo laini sana, akamkalisha. Fundi akachukua kopo la spiriti, akaliweka mapajani pa Mama, akaiweka mikono ya Mama kulizunguka kopo.

"Shikilia hili," alisema. "Kila tukikata tunachovya. Tukisahau, sema."

"Nitasema," alisema Mama.

Fundi akashika tawi. Karani akakata, akageuka na kuinama, akachovya mkasi kwenye kopo. Mama alisikia chuma kikigusa bati. Akakata tena, akachovya. Wakati mmoja Fundi alisema tawi lile liachwe, Karani akasema hapana, limekufa, wakabishana, wakalikwaruza, likawa na kijani, likaachwa. Gunia likajaa.

Jua lilikuwa limeshafika kwenye kigoda Karani alipokata matawi mawili kwa mfululizo, mawazo yake yako mbali.

"Mkasi haujaja," alisema Mama.

Mawifi walisimama. Karani akarudi, akainama, akachovya mkasi mpaka mpinini.

"Nimesahau, Mama."

"Ndiyo," alisema Mama. "Umesahau."